Una shamba hulali? Hesabu miaka yako kabla mwenzako hajaihesabu

Simu ilinikuta dukani, mwezi wa Februari 2024. Aliyepiga alikuwa mkwezi wetu wa zamani, mzee aliyekuwa akituangulia nazi tangu marehemu baba yu hai. Siku hiyo hakuuliza hata hali ya watoto. "Mwanangu," aliniambia, "kuna lori la mawe limeingia shambani kwenu. Kuna mtu anachimba msingi." Nikamuuliza msingi wa nini. Akanyamaza kidogo. "Wa nyumba. Hii itakuwa ya tatu."

Nyumba ya kwanza tulikuwa tunaijua. Ya pili sikuwa na habari nayo.

Shamba lenyewe ni ekari saba, nje kidogo ya Takaungu. Baba alilirithi kwa babake. Lina minazi, mikorosho, miembe mitatu mikubwa na nyumba ya mawe ya vyumba viwili tuliyokuwa tukienda kulala likizo za shule. Sisi wenyewe ni watu wa mjini, Mombasa. Baba alipofariki mwaka 2009 tulikubaliana kwamba shamba lisiuzwe, tukasoma hitima, kila mtu akarudi kwenye shughuli zake. Kaka yangu mkubwa yuko Muscat. Dada ameolewa Lamu. Mama miguu haimruhusu tena kupanda matatu. Shamba likabaki na mzee jirani aliyekuwa akiliangalia kwa maneno ya mdomo tu: yeye anachukua fungu lake la nazi, anafyeka njia, na akiona jambo anatuma salamu. Mzee huyo naye akafariki 2012. Hatukuweka mtu mwingine. Kila mmoja wetu alidhani mwenzake amepanga.

Nayaandika haya kwa sababu najua hatuko peke yetu. Kuanzia Vanga mpaka Kiunga, familia chungu nzima za mjini zina kipande cha ardhi ng'ambo: shamba la babu, kiwanja alichonunua mjomba alipokuwa melini, nyumba ya likizo inayofunguliwa Idi kwa Idi. Tukizungumza barazani tunataja wavamizi kana kwamba ni watu wanaokuja usiku na mapanga. Wako wa namna hiyo. Lakini mashamba mengi ya kwetu hayakuondoka usiku. Yaliondoka mchana, taratibu, mbele ya majirani wote, na mwenyewe hayupo.

Nikaenda kwa wakili na bahasha ya karatasi za baba. Nilikuwa na hati miliki halisi, risiti za kodi ya ardhi, na nakala za barua mbili ambazo kaka alimwandikia yule mtu wa nyumba ya kwanza, moja ya 2018 na nyingine ya 2021, ya pili ikiwa na muhuri wa wakili. Nilijiona nimejaa silaha. Wakili alizisoma barua, akaziweka kando, akaniuliza swali moja: "Huyu mtu aliingia lini?"

Nikamwambia kwamba yeye mwenyewe husema alijenga baada ya uchaguzi wa 2013.

"Basi mna mwaka mmoja na miezi," akasema.

Hapo ndipo nilipoifahamu vizuri sheria ambayo nilikuwa nimeisikia kwa mbali tu. Sheria ya Ukomo wa Mashtaka, sura ya 22 ya sheria za Kenya, inampa mwenye ardhi miaka 12 ya kwenda mahakamani kuidai ardhi yake kwa mtu aliyeikalia. Ikipita miaka hiyo 12 mlango unafungwa. Na si kufungwa tu. Yule aliyekaa anaweza yeye kwenda mahakamani na kuomba aandikishwe kuwa mwenye ardhi, badala ya jina lililo kwenye hati. Mawakili wana jina lao la Kiingereza kwa jambo hili. Mimi nitaliita umiliki kwa kukaa.

Si kila anayekaa anaupata. Ni lazima awe amekaa waziwazi, si kwa kujificha. Awe amekaa mfululizo miaka 12 bila kukatizwa. Awe ameitumia ardhi kama yake, akalima, akajenga, akazungushia ua. Asiwe amekaa kwa mabavu. Na la muhimu kuliko yote kwa sisi wenye mashamba: awe amekaa bila ruhusa ya mwenyewe. Mtu uliyemruhusu, mpangaji, mwangalizi, jamaa uliyemstiri, miaka yake haihesabiki maadamu ruhusa ipo. Ndiyo maana ruhusa iliyoandikwa ni kinga kubwa kuliko ukuta, na nitalirudia hilo mbele.

Wengine watasema Katiba ya 2010, kwenye kifungu cha 40, inalinda mali ya mtu. Kweli inalinda. Hoja hiyo hiyo ilipelekwa Mahakama ya Rufaa ikiketi Malindi, na mwaka 2015 majaji wakaamua kwamba sheria ya miaka 12 haipingani na Katiba. Kwa hivyo usiitegemee hoja hiyo. Na kwa faida ya msomaji aliye upande wa pili: miaka hiyo 12 haihesabiwi dhidi ya ardhi ya serikali. Watu wengi wa pwani wamekaa vizazi kwenye ardhi ya namna hiyo na sheria hii haiwasaidii kitu.

Sasa zile barua za kaka. Wakili alinieleza kwa upole, lakini maneno yalikuwa machungu. Barua ya kumwambia mtu "ondoka shambani kwangu" haisimamishi saa. Mahakama zetu zimesema hivyo zamani, kwenye hukumu ya mwaka 1984 ambayo mawakili huitaja mpaka leo: saa husimama mwenye ardhi anapofungua kesi, au anapoingia ardhini mwenyewe kikwelikweli na kuishika, au yule aliyekaa anapokiri kwamba ardhi ni ya mwenye hati. Tulikuwa tumelipa wakili wa kwanza elfu kadhaa kwa karatasi iliyotupa usingizi mzuri na isiyofanya kazi nyingine yoyote. Hukumu hiyo hiyo inasema pia kwamba ardhi ikibadilisha mwenyewe, saa haianzi upya. Ukinunua shamba lenye mtu aliyekwisha kukaa miaka 9, umenunua miaka 3. Cheti cha ofisi ya ardhi hakitakuonyesha hilo, kwa sababu haki ya aliyekaa si lazima iandikwe kwenye rejista. Ni lazima uende kwa miguu yako ukaangalie nani yuko pale.

Risiti za kodi nazo? Uzilipe, ni wajibu, na ni ushahidi kwamba hujaitupa mali yako. Lakini risiti pekee haimtoi mtu shambani.

Nikadhani tutafungua kesi wiki ile ile. Wakili akanyanyua hati miliki na kunionyesha jina. Lilikuwa la baba. "Nani amewekwa na mahakama kusimamia mali ya marehemu?" Hakuna. Hatukuwa tumefanya mirathi. Kwa miaka 15 tulisema "shamba letu" na mbele ya sheria hakukuwa na "sisi." Mtoto wa marehemu, hata awe kifungua mimba, hawezi kusimama mahakamani kudai ardhi ya marehemu mpaka apewe idhini ya kusimamia mirathi. Na saa ya miaka 12 haimngojei maiti.

Ningependa nikae hapa kidogo, kwa sababu nadhani hili ndilo donda la pwani. Wazee wetu wanasema mali bila daftari huisha bila habari. Kugawa mirathi tunaona haya. Kwamba maiti hajapoa na watu washaanza kuhesabu minazi. Kwamba mama bado yuko hai na tutaonekana tunamfukuza. Kwa hivyo hati inabaki kwa jina la babu, babu ana wake wawili na watoto kumi na mmoja, watoto nao wanakufa na kuacha warithi, na siku mkitaka kumshtaki mvamizi mnatafuta saini za watu arubaini kutoka Zanzibar mpaka Toronto. Kwa Waislamu njia ni rahisi kuliko wengi wanavyofikiri. Mahakama ya Kadhi ina mamlaka ya mirathi pale wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kwenda mbele yake, na Kadhi anatoa mafungu ya kila mrithi kama dini ilivyoyaweka. Nendeni mapema, mkiwa bado mnazungumza. Kugawa mafungu si kuuza. Mnaweza kubaki na shamba moja, hati moja yenye majina ya warithi, na mkachagua mmoja wa kulisimamia.

Sisi tulichelewa, ikabidi wakili atuombee kwanza idhini ya muda, ile inayotolewa kwa ajili ya kesi tu, huku mirathi kamili ikiendelea. Kupata cheti cha kifo cha baba, barua ya chifu, vitambulisho vya ndugu wote na saini ya kaka kutoka Oman kulichukua miezi. Kesi ilifunguliwa Novemba 2024 katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Kama mkwezi asingepiga simu, tungeamka baada ya 2025 kukiwa kumekwisha.

Kabla ya kesi nilikwenda mwenyewe. Nilifuatana na jirani mmoja na naibu wa chifu, na nashauri hivyo: usiende peke yako, wala usiende na vijana wa kukodi.

Mtu wa nyumba ya kwanza ana mihogo, kisima, mbuzi, na ua wa minyaa alioupanda mwenyewe. Hakutupokea vibaya. Alitwambia kwamba alipofika pale palikuwa msitu na nyumba ya popo, hakuna aliyemuuliza kitu, na sasa ni kwake. Popo ni kweli. Ile nyumba yetu ya vyumba viwili haina mlango, haina madirisha, mabati yamekwenda, na sebuleni kumeota mpapai.

Wa nyumba ya pili, kule nyuma ya miembe, nilipomwona nilimjua. Ni mtoto wa yule mzee aliyekuwa akituangalizia shamba. Tulicheza pamoja. Aliniamkia kwa jina la utotoni, akaniambia, "Baba alinambia nisiondoke hapa mpaka mje. Mbona hamkuja?" Alikuwa amejenga kibanda cha makuti mwaka 2019, baada ya kuona yule wa kwanza anakata minazi. Minazi iliyo upande wake yote iko.

Na wa tatu, mwenye lori la mawe, alikuwa kijana fundi wa pikipiki, mwenye karatasi ya mauziano iliyoandikwa kwa mkono na mashahidi wanne. Amenunua kiwanja cha futi hamsini kwa mia kutoka kwa yule wa kwanza, kwa pesa alizokopa chama. Alipoiona hati miliki alikaa chini juu ya mawe yake. Naomba msomaji asicheke. Nilipomwona nilikosa la kumwambia.

Hapa ndipo neno "skwota" linaponichosha. Tunalitumia kwa watu watatu kama hawa kana kwamba ni kitu kimoja. Na historia ya pwani hairuhusu wepesi huo. Serikali ya kikoloni ilipoleta sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 katika ukanda wa maili kumi, waliojua njia ya ofisi walidai na kuandikiwa, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya Mfalme wa Uingereza. Wamijikenda wengi waliokuwa wakilima ardhi hizo hawakupata karatasi yoyote. Baadhi ya hati tunazozishika leo kwa fahari zilianzia hapo. Sisemi kwamba hati ya baba ni haramu. Ni ya haki na tutaitetea. Nasema tu kwamba ukienda kuzungumza na mtu uliyemkuta shambani, jua kwamba huenda naye ana hadithi ya babu yake.

Walioshindwa kumaliza mapema wametuachia mfano mkubwa. Shamba la Waitiki kule Likoni lilikuwa na ekari zaidi ya mia tisa. Baada ya ghasia za 1997 mwenyewe aliondoka, watu wakaingia, wakajenga, wakazaa. Kesi mahakamani hazikuweza kuwatoa. Mwisho serikali ililinunua na mwaka 2016 hati zikaanza kutolewa kwa waliokuwa wakikaa. Lile lilikuwa shamba la mtu maarufu na serikali iliingilia. Kwa ekari zako saba hakuna rais atakayekuja.

Tuje kwenye kulinda. Kwanza ondoa mawazo ya kubomoa. Kuna jamaa yangu mmoja aliyemaliza ubishi kwa tingatinga alfajiri. Akalala korokoroni, na kesi aliyokuwa anaweza kuishinda ikamgeukia. Tangu marekebisho ya sheria za ardhi ya mwaka 2016, kumtoa mtu kwenye ardhi ya binafsi kuna utaratibu wake. Unampa notisi ya maandishi ya si chini ya miezi 3, kwa lugha ya taifa na rasmi, inayoeleza habari za kuondoa majengo na kuvuna mazao yaliyo shambani. Nakala inakwenda kwa naibu kamishna wa kaunti na mkuu wa polisi wa eneo. Kama ni kundi kubwa, notisi inatangazwa kwenye magazeti mawili ya kitaifa na kubandikwa mahali pasipopungua patano katika ardhi hiyo. Aliyepewa notisi ana haki ya kwenda mahakamani kuipinga. Na siku ya kuondoka ikifika, watu hawavunjiwi heshima, na wao ndio wanaopewa nafasi ya kwanza ya kubomoa na kuchukua vifaa vyao. Ni utaratibu mrefu. Ndiyo maana kuzuia ni rahisi kuliko kutoa.

Mtu akiwa ameingia jana au wiki iliyopita, mambo ni mengine. Kuingia ardhi ya mtu bila sababu ya haki ni kosa la jinai. Piga ripoti kituo cha polisi upate namba ya OB, mjulishe chifu siku hiyo hiyo, piga picha. Ukingoja nyumba ifike kwenye linta, polisi watakwambia hilo ni jambo la mahakama, na hawatakuwa wamekosea sana.

Kinga yenyewe nimejifunza kwa gharama, na mimi naianza kwa mwangalizi. Tafuta mtu wa pale pale, anayejulikana, na mwandikieni karatasi hata kama ni rafiki wa baba. Iseme jina lake na namba ya kitambulisho, iseme anakaa kwa ruhusa ya mwenye shamba, aruhusiwe kulima nini, alipwe nini, na kwamba hawezi kujenga wala kumkaribisha mtu bila idhini ya maandishi. Asaini, ashuhudie mzee wa mtaa. Irudieni kila mwaka. Wazee wa zamani walikuwa na busara yao katika hili: mlimaji wa shamba la mtu aliruhusiwa mahindi, muhogo na kunde, lakini kupanda mnazi au mwembe hapana, kwa sababu mti wa miaka mingi ni ushahidi wa kudai. Kanuni hiyo itieni kwenye karatasi. Na mlipeni. Mwangalizi asiyelipwa mwaka mzima ana haki ya kujiona shamba limekuwa lake. Lipa kwa M-Pesa hata kama ni kidogo, kwa maana pesa ya simu inaacha rekodi yenye tarehe na jina, na siku moja rekodi hiyo itaonyesha kwamba mtu huyu alikuwa pale kwa ajili yako.

Kama kuna mtu tayari anakaa na huna ugomvi naye, mgeuze mpangaji. Shilingi mia mbili kwa mwezi na kitabu cha risiti. Akikubali kukulipa kodi ya kiwanja amekiri kwamba ardhi ni yako. Lakini usimdanganye wala usimsainishe asichokielewa. Msomeeni kwa lugha yake, na mwacheni akamwonyeshe mtu anayemwamini. Karatasi ya hila itavunjwa mahakamani, na itakuwa haki kuvunjwa.

La pili ni kuonekana. Nenda mwenyewe walau mara tatu au nne kwa mwaka. Lala usiku mmoja. Nunua samaki pale, sali msikiti wa pale, hudhuria mazishi. Majirani ndio ukuta wako, na mkwezi ndiye kamera yako, maana kila wiki yuko juu ya mnazi anaona shamba zima. Waachie namba ya simu watu watatu wasiopatana sana wao kwa wao. Habari itakufika tu. Na tafadhali usifunge njia. Kuna watu wakifika kutoka mjini jambo la kwanza ni kutia seng'enge kwenye njia ambayo kijiji kimepita miaka sitini kwenda kisimani au baharini. Seng'enge hiyo inaibwa ndani ya mwezi, na nina hakika hakuna jirani atakayekuwa ameona mwizi.

Mipaka iwe wazi. Bikoni zetu mbili hazikuonekana, moja ilikuwa imefukuliwa. Tulilipa savea aliyesajiliwa akazirudisha, tukapanda minyaa na mikonge kwenye mstari. Savea huyo ndiye aliyetuonyesha kwamba kuna picha za setilaiti za miaka ya nyuma, na kwamba paa la nyumba linaonekana limeanza mwaka gani. Picha hizo zinaweza kukusaidia au kukuumiza; mpinzani wako naye anaweza kuzipata.

Kila mwaka fanya sachi kwenye ofisi ya ardhi, uone jina lililo kwenye rejista bado ni lenu. Wako wanaoibiwa shamba bila mguu wa mtu kukanyaga, kwa karatasi tu. Ukiona harufu ya jambo, sheria inakuruhusu kuomba zuio liandikwe kwenye rejista ili ardhi isiuzwe wala kuwekwa rehani mpaka ubishi umalizwe. Hati halisi isikae kwenye kabati la nyumba ya shamba.

Na nyumba tupu? Sina mengi. Usiache ndani pampu, mtungi wa gesi wala paneli ya sola. Paa likivuja lizibe mwaka huo huo. Nyumba iliyofungwa na yenye taa moja ya sola uani watu huipita. Nyumba isiyo na mlango huwa ni mawe ya bure, kisha choo, kisha maskani ya vijana, kisha ya mtu. Afadhali umkaribishe mwalimu wa shule ya pale akae bila kodi, kwa karatasi, kuliko kuiacha wazi. Tungemweka mwalimu 2012, nisingekuwa naandika haya.

Mambo yetu yamefikia hapa. Yule kijana fundi aliacha kujenga na sasa ni shahidi wetu. Anamdai aliyemuuzia, na tumemwachia mawe yake ayachukue. Mtoto wa mzee tulimwandikia mkataba wa uangalizi, na ndugu wote tumekubaliana, pamoja na mama, kwamba mirathi ikimalizika tutamkatia nusu ekari pale alipo, kwa jina lake. Itabidi tupite kwenye bodi ya ardhi kupata idhini ya kugawa, kwa kuwa ni ardhi ya kilimo, na savea arudi tena. Kaka wa Muscat alinung'unika kidogo. Mama alimwambia kwenye simu kwamba kama si mtoto wa mzee, hiyo minazi angeiona kwenye picha.

Kesi ya yule wa kwanza bado inaendelea Malindi. Anasema miaka 12 ilitimia, sisi tunasema haikutimia, na kila upande una savea wake. Kikao kilichopita kiliahirishwa. Tulipotoka nje tulikutana naye chini ya mti, tukapeana mikono, akaniuliza kama kisima changu cha zamani kina maji, kwa sababu chake kimekuwa cha chumvi.